Fremu za Mtaa (Hakuna Siasa, Hakuna Matangazo)

JUMATANO

06:41 Mama Kulwa Vitenge: Mwangaluka. Kila mwenye fremu asome hii mpaka mwisho, kesho asije kusema hakuambiwa.

06:44 Mama Kulwa Vitenge: Jana nimesimama mlangoni nikahesabu. Kuanzia duka la dawa mpaka kona ya Babu wa Saa panaingia magari 11. Kati ya hayo 8 yalikuwa yetu sisi wenyewe. Yanafika saa moja na nusu asubuhi, yanaondoka giza likiingia. Mteja anazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu anaenda zake Rock City Mall. Kule anaegesha bila kugombana na mtu.

06:46 Mama Kulwa Vitenge: Gari la mwenye duka likikaa saa 10 pale mbele, nafasi ile imeuza nini? Haijauza hata pipi. Mteja wa kawaida anatumia nusu saa. Nafasi hiyo hiyo ingepokea watu 20.

06:49 Mama Kulwa Vitenge: Pendekezo langu: kuanzia Jumatatu magari yetu yote yaingie uwanjani kwa Babu, kule nyuma. Elfu moja kwa siku, humo yumo mlinzi na yumo Babu. Mbele tuwaachie wateja. Anayekubali aandike jina.

07:58 Mama Kulwa Vitenge: Naona tiki za bluu. Majina siyaoni.

08:10 Jose Madaftari: Mwangaluka mayo. Mimi nakubali kwa asilimia mia, ila gari sina 😂

08:10 Jose Madaftari: Nina mkokoteni. Nao uende kwa Babu?

08:15 Chacha Matairi: Hao wateja 20 ni wa wapi mama? Mimi jana kutwa nimepata watatu, na mmoja alikuwa anaulizia choo.

08:16 Mama Kulwa Vitenge: Na hao wawili waliegesha wapi?

08:19 Chacha Matairi: Kwangu. Mimi nafunga matairi, gari lazima lisimame mlangoni. Mambo ya nusu saa yasinihusu. Na mzigo wangu unashuka saa nne, Fuso haiwezi kuingia kwa Babu, ile njia hata bajaji inapita kwa kuomba.

08:31 Bi Zuhura Dawa: Assalam aleikum. Mimi namuunga mkono Mama Kulwa. Mteja wangu anakuja amebeba mtoto ana homa, anataka dakika tano tu. Hizo dakika tano ndizo hazipatikani kwa sababu kuna Noah ya mtu imelala mbele ya mlango wangu tangu Jumatatu. Sitaji jina.

08:31 Jose Madaftari: Tajaaaa

08:40 Baba Deo Rangi: Noah ile inashusha mzigo.

08:41 Bi Zuhura Dawa: Tangu Jumatatu, Baba Deo? Ni rangi ya kupaka hospitali ya Bugando nzima?

08:42 Jose Madaftari: 😂😂😂 nimemwaga chai

08:55 Mama Sato: Sato na sangara wa leo wameshafika kutoka mwaloni Kirumba. Wabichi, wakubwa. Anayetaka kuparuliwa aseme mapema.

08:57 Mama Kulwa Vitenge: Mama Sato mwenzangu, jina la kikundi linasemaje?

09:02 Mama Sato: Hakuna matangazo. Kwani nyie mnajadili nini hapa kama sio kutangaza maduka?

09:03 Jose Madaftari: Mama Sato 1, Uongozi 0

10:22 Bi Zuhura Dawa: JAMANI. Noah inafungwa mnyororo sasa hivi. Kijana wa paking kaja na wenzake wawili. Baba Deo uko wapi?

10:23 Jose Madaftari: Noah imekutana na gharika

10:24 Bi Zuhura Dawa: Sifanyi utani. Kuna Fuso imekwama nyuma yake, honi zinasikika mpaka Makoroboi. Baba Deo pokea simu.

10:25 Chacha Matairi: Wakimaliza hapo wahamie kwenye mkokoteni wa Jose

10:26 Jose Madaftari: Mkokoteni hauna namba. Deni itabidi linifuate kwa jina la ukoo.

10:40 Rehema Saluni: Nani kafariki?

10:41 Bi Zuhura Dawa: Hakuna aliyefariki Rehema. Soma juu.

11:15 (namba isiyo na jina): Naomba kutolewa humu. Fremu niliiachia mwaka juzi.

13:37 Baba Deo Rangi: Ndo nashika simu. Noah ipi?

13:52 Baba Deo Rangi: Nilikuwa Mabatini kwa fundi. Nimelipa. Limekuja deni la tangu lini sijui, kumbe kila siku wanapiga picha namba ya gari. Sijawahi kuona hata karatasi moja kwenye kioo.

13:55 Mama Kulwa Vitenge: Karatasi ya nini siku hizi? Deni linaingia kwenye mfumo, linakaa huko na namba ya gari yako mpaka uombe kontroo namba ulipe. Usipoomba linazidi kulala. Sasa piga hesabu: kutwa nzima barabarani au elfu moja kwa Babu?

13:56 Baba Deo Rangi: Leo niache kwanza mama Kulwa.

19:20 Mama Kulwa Vitenge: Haya, wameshafunga wote, tuendelee. Sehemu ya pili. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Zamani mtu wa Sengerema akija mjini Mwanza anapangia na kivuko, akikuta foleni anarudi usiku. Sasa zile kilomita 3 za maji anazivuka juu kwa juu. Anakuja na gari lake, na mkewe, anarudi mchana huo huo. Geita hivyo hivyo. Swali: akifika mtaani kwetu anasimama wapi?

19:24 Mama Kulwa Vitenge: Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wameshapokea mishahara, tufanye Jumamosi ya Mtaa. Kila fremu itoe kitu kimoja kwa bei ya kuvuta mtu. Gari la matangazo lizunguke Ijumaa: Igogo, Mkuyuni, mpaka Buhongwa. Mteja akinunua kuanzia elfu 20 anagongewa muhuri kwenye kadi, akitoka uwanjani kwa Babu halipi.

19:31 Bi Zuhura Dawa: Muhuri usigongwe kwenye risiti ya EFD tafadhali. Na dawa siwezi kushusha bei kiholela, nitapima watu presha bure.

19:33 Mama Kulwa Vitenge: Umeona sasa! Hiyo ndiyo akili.

19:40 Chacha Matairi: Gari la spika linataka kibali cha halmashauri. Nani anakwenda kukiomba?

19:41 Chacha Matairi: Na hela ya bango la mwaka juzi ilifikia wapi, kabla hatujachanga nyingine?

19:42 Jose Madaftari: Bango lipo. Limeezeka banda la kuku la mtu, nimeliona kwa macho yangu, kuku wanasoma KARIBUNI MTAANI KETU

19:44 Rehema Saluni: KETU 😂😂 nilikuwa nimesahau

19:47 Mama Kulwa Vitenge: Kosa lilikuwa la mchapaji. Tusitoke nje ya mada.

19:58 Rehema Saluni: Mimi wateja wangu wanakuja kwa boda na daladala. Sasa hivi vijana wa boda wamekaa nafasi mbili za mwanzo. Msije mkawafukuza, wale ndio wananiletea maharusi.

20:03 Mama Kulwa Vitenge: Hawafukuzwi, wanasogea tu pale kwenye mti. Vitu vingine vya kuondoa: mawe, ndoo za rangi zilizojazwa zege, lile tairi jeupe, vyote vya kushikia nafasi. Barabara sio shamba la mtu. Na Side, meza yako ya kava inaingia barabarani, irudi ndani kidogo, mteja akifungua mlango wa gari anaigonga.

20:21 Side Simu: Meza

20:21 Side Simu: Tena meza

20:26 Side Simu: Mwaka 2021 nilikuwa na meza pale pale. Mimi na wenzangu tulikuwa tunapanga mbele ya fremu zenu, bidhaa zenu wenyewe tulikuwa tunawauzia humo humo, na magari yenu tunawaangalizia. Machinga walipopangwa upya sikukataa kwenda. Lakini sisi tulikuja kutolewa siku mbili kabla ya tarehe tuliyopewa. Boksi langu la chaja lilipandishwa kwenye gari, mpaka leo. Na aliyelipandisha aliniambia usinilaumu mimi, tumepigiwa simu kutoka hapa hapa mtaani.

20:27 Side Simu: Simu ilitoka kwa nani?

20:29 Baba Deo Rangi: Ujumbe huu umefutwa

20:30 Jose Madaftari: Baba Deo umefuta nini tena, au ni hela ya bango

20:34 Chacha Matairi: Side mdogo wangu, yale si yalishapita. Leo una fremu yako, una lipa namba, unatuazima na chaja.

20:36 Side Simu: Yamepita kwako kaka. Wewe hukupoteza boksi. Nusu fremu nimeipata kwa kuanza upya kutoka chini.

20:41 Mama Kulwa Vitenge: Side, mwanangu, hapa tunaongelea maegesho. Hayo tutayakalia siku nyingine.

20:44 Side Simu: Ndiyo hayo hayo maegesho mama. Mlisema meza zinawazibia wateja wenu pa kuegesha. Tukatoka, pakawa peupe. Mkaweka magari yenu.

21:30 Mama Sato: Mh.

ALHAMISI

07:05 Mama Kulwa Vitenge: Mwangaluka. Majina mpaka sasa ni mawili, langu na la Bi Zuhura. Tusiachie jambo zuri likafa.

11:48 Babu wa Saa: (ujumbe wa sauti, 3:06)

11:50 Rehema Saluni: Shikamoo Babu. Nina kichwa cha mtu mkononi, anayeweza kusikiliza aandike.

11:51 Chacha Matairi: Shikamoo mzee wetu

11:52 Jose Madaftari: Shikamoo Babu 🙏

12:20 Babu wa Saa: Habari zenu, ni mimi Dotto, mjukuu wake. Nimeambiwa niandike kama alivyosema, nisiongeze.

12:29 Babu wa Saa: Babu anasema: Nimekaa kona hii tangu saa zinatiwa ufunguo kila asubuhi. Nimeona maduka yakifunguliwa na kufungwa, mengine wenyewe hamyajui. Uwanja nautoa. Mwezi wa kwanza sitaki hela ya mtu, mlipeni mlinzi tu. Gari la kwanza kuingia humo liwe la Mama Kulwa, maana ndilo la kwanza kufika hapa mbele kila siku, mimi nikiwa nafagia.

12:31 Babu wa Saa: Anasema tena: Simu ya mwaka ule naijua ilitoka kwa nani, na mwenyewe anajua kuwa naijua. Sitamtaja kwenye simu. Jumapili baada ya ibada aje nyumbani kwangu, Side naye aje. Mpaka nimekaa nao wawili, meza ya kijana isisogezwe hata kwa kidole.

12:31 Babu wa Saa: Ndio mwisho. Dotto.

12:33 Bi Zuhura Dawa: Tumesikia Babu. Allah akupe afya.

12:34 Mama Sato: Wabeja Babu.

12:40 Chacha Matairi: 🙏

12:58 Baba Deo Rangi ametoka kwenye kikundi

13:04 Mama Kulwa Vitenge amemwongeza Baba Deo Rangi

13:06 Baba Deo Rangi: Simu ilijibonyeza yenyewe. Bado ina rangi kwenye kioo.

13:06 Jose Madaftari: 🤐

14:10 Mama Kulwa Vitenge: Nimesikia Babu. Gari ni la Baba Kulwa, nitamweleza leo akirudi. Ataingiza.

14:12 Chacha Matairi: Ataingiza lini?

14:30 Mama Kulwa Vitenge: Chacha nitakupigia.

16:15 Side Simu: Ahsante Babu. Jumapili nitakuja.

IJUMAA

06:55 Mama Kulwa Vitenge: Mwangaluka. Orodha hii hapa, kila mtu anakili, anaongeza jina lake chini, anarudisha. Usifute la mwenzako.
MAGARI YA UWANJANI KUANZIA JUMATATU
1. Mama Kulwa (Baba Kulwa)
2. Bi Zuhura
3.

07:40 Rehema Saluni: 
MAGARI YA UWANJANI KUANZIA JUMATATU
1. Mama Kulwa (Baba Kulwa)
2. Bi Zuhura
3. Rehema, ila siku za harusi naomba nishushe viti mlangoni

07:52 Jose Madaftari:
1. Mama Kulwa
2. Bi Zuhura
3. Rehema
4. Mkokoteni

07:53 Mama Kulwa Vitenge: Jose.

07:54 Jose Madaftari: Natoa mama, natoa. Ila karatasi za kadi za muhuri nitazitoa mimi, na kuzikata. Muhuri wenyewe mtachonga nyie.

08:20 Chacha Matairi: Mimi langu la kutembelea nitalipeleka. Mlangoni kwangu liachwe gari la mteja anayebadilishiwa tairi, na Fuso ishushe kabla ya saa tatu. Nimeongea na dereva, ameniambia atajaribu. Kibali cha gari la spika siendi mimi, nisisubiriwe.

08:22 Mama Kulwa Vitenge: Kibali nitakwenda Jumanne. Nahitaji mtu mmoja wa kuandamana naye, nikienda peke yangu wataniambia nirudi kesho.

08:45 Mama Kulwa Vitenge: Mtu mmoja jamani.

10:02 Baba Deo Rangi: 
4. Chacha
5. Baba Deo (Noah). Zile ndoo za zege nitaziondoa Jumatatu, nimekosa kijana wa kuzibeba.

10:03 Bi Zuhura Dawa: Zitoke leo Baba Deo, Jumatatu zimeshapita nyingi.

10:09 Baba Deo Rangi: Sawa dada. Mama Kulwa, Jumanne nitakusindikiza. Jumapili sina uhakika kama nitakuwepo mjini.

10:10 Mama Kulwa Vitenge: Jumapili utakuwepo.

12:36 Mama Sato: Na sisi tusio na gari tunachanga nini kwenye Jumamosi ya Mtaa? Nisije nikaambiwa elfu 10 halafu bango likaenda kwa kuku.

12:50 Mama Kulwa Vitenge: Kiasi tutakubaliana. Ataweka hela Bi Zuhura, sio mimi.

12:58 Bi Zuhura Dawa: Hilo hatukuzungumza, Mama Kulwa.

17:33 Rehema Saluni: Ufunguo wa geti la uwanja atakuwa nao nani? Mlinzi anafika saa mbili, mimi nafungua saluni saa moja na nusu.

18:20 Rehema Saluni: ?

20:12 Babu wa Saa: Dotto hapa. Babu ameshalala, ufunguo sijui anauweka wapi. Nitamuuliza kesho.