UZI WA MALALAMIKO: Acheni kuwavisha magwiji wetu jezi ambazo hawakuwahi kuvaa

Chui wa Amalemba (Kakamega), mwanzilishi wa uzi

Leo sitaki mzaha. Nani aliwaambia kwamba mchezaji akizeeka au akifa, mna ruhusa ya kumwandikia lolote? Kuna ukurasa mmoja wa mashabiki huku kwetu, jina nalihifadhi, ambao kila Alhamisi hutoa bango la kumbukumbu. Picha moja, jina kwa herufi kubwa, takwimu tatu, mshumaa pembeni. Linasambazwa hadi kwenye vikundi vya harusi. Na kila Alhamisi lazima liwe na uongo.

Chukueni la Joe Kadenge: "Nyota wa AFC Leopards, mfalme wa KPL miaka ya 60." Mstari mmoja, makosa mawili. Kadenge alichezea Abaluhya, klabu iliyoundwa 1964. Klabu hiyo ilipata jina la AFC Leopards 1980, baada ya serikali kuamuru klabu ziache majina ya kikabila, na mzee aliyezaliwa 1935 wakati huo ana miaka 45. KPL, yaani Ligi Kuu ya Kenya, nayo ni ya 2003! Enzi za Kadenge kulikuwa na Ligi ya Taifa iliyoanza 1963, na Abaluhya waliichukua 1966 na 1967. Si mngeandika hivyo tu? Utamu umepungua wapi?

Peter Dawo wa Gor Mahia naye kaandikiwa kwamba 1987 alishinda "Klabu Bingwa Afrika kwa penalti". Hapana. Lilikuwa Kombe la Washindi, lile lililoitwa Kombe la Mandela. Mkondo wa kwanza Tunis, Gor Mahia na Espérance walitoka 2-2. Mkondo wa pili Kasarani, 1-1. Jumla 3-3, na Gor wakabeba kwa sababu walikuwa na mabao mawili ya ugenini dhidi ya moja la Espérance. Penalti hazikupigwa hata moja. Kwa kusema penalti mmefuta maana ya yale mabao mawili ya Tunis, ambayo ndiyo yaliyoleta kombe nyumbani. Halafu lenye uzito mkiliacha: Dawo alimaliza mashindano hayo akiwa mfungaji bora, mabao 10.

J.J. Masiga ameitwa "daktari wa timu". Jamani! Masiga alikuwa mshambuliaji wa Leopards, daktari wa meno kwa taaluma, na juu ya hayo akachezea taifa raga. Noah Wanyama ndiye ameniua kabisa, eti "aliifunga Barcelona". Aliyeifunga Barcelona ni mwanawe Victor, akiwa Celtic, Novemba 2012. Noah alikuwa mchezaji wa Ingwe, yaani Leopards.

Nataka bango libebe ukweli au lisitoke.

Mtu wa Dunga (Kisumu)

Shemeji, leo nakuunga mkono ingawa wewe ni wa chui. Upande wetu ni vurugu tupu. Wanachukua ubingwa wa Luo Union wa 1964 wanaupachika Gor Mahia, na Gor imeundwa 1968. Wakiambiwa, wanajibu "si ni kitu kimoja?" Si kitu kimoja. Gor ilitokana na muungano ulioihusisha Luo Union, sawa, lakini Luo Union ilirudi uwanjani kama klabu yake: ikachukua ligi 1975, kisha kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977, kabla ya kugeuzwa Re-Union ile 1980. Na msiandike kwamba lilikuwa "Kombe la Kagame". Jina la Kagame limeingia 2002.

Jingine, msimu wa bila kufungwa. Gor walimaliza ligi bila kupoteza mechi 1976 na tena 2015. Bango limebandika Allan Thigo "90 Minutes" na William "Chege" Ouma, halafu mwaka 2015 chini yake. Hao walikuwa wametundika viatu miaka mingi kabla!

Afraha Jukwaa la Jua (Nakuru)

Nyinyi mnalia na sisi tumefutwa kabisa. Bingwa wa kwanza wa Ligi ya Taifa, 1963, ni Nakuru All Stars. Si Gor, si Abaluhya. Ile Nakuru AllStars ya juzi iliyopanda ligi kuu ni klabu nyingine iliyochukua jina, hivyo msiunganishe wachezaji wake na wale wa 1963. Klabu ya Ulinzi nao wametumia uwanja wa Afraha miaka mingi na ubingwa wao wa 2003, 2004 na 2005 ni halali, ila huo hauwi historia ya All Stars kwa sababu tu uwanja ni mmoja.

Kijana wa Kondele

Lakini wazee, mnapenda kubishana. Mradi mtu anakumbukwa, mwaka una kazi gani? Vijana wanajifunza jina, inatosha.

Chui wa Amalemba

Haitoshi, mdogo wangu. Jina bila timu, mpinzani na mwaka halina pa kushika. Akina Ouma, Otieno na Onyango ni wengi katika vikosi vya miaka ile. Ukikosea mwaka umempa mtu bao la jirani yake. Na familia ikienda kuomba msaada au tuzo, ofisi huuliza: alicheza lini, mechi gani? Wakitoa bango lenu lenye KPL ya 1966, wanachekwa mlangoni.

Fundi Picha (Luanda, Vihiga)

Niongee kuhusu picha, maana huko ndiko uongo unakozaliwa.

Sasa hivi kila mtu anatia rangi picha za zamani kwa programu. Buluu iliyokolea na kijani kilichokolea vyote hutoka kijivu kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Programu haijui, inakisia. Ndiyo maana mnaona mchezaji wa Leopards amevaa kijani cha K'Ogalo, yaani Gor Mahia. Ukitaka rangi, kwanza tafuta ripoti ya mechi iliyotaja jezi za siku hiyo, kwa sababu timu zilibadilisha pia zikigongana rangi. Huna ripoti? Acha picha ilivyo.

La pili ni picha iliyogeuzwa. Negativu ikiwekwa kinyume kwenye skana, kushoto kunakuwa kulia. Kisha mtu anasoma orodha ya majina "kutoka kushoto" na kila mchezaji anapata uso wa mwenzake. Ni yule wa katikati peke yake anayebaki salama. Angalia namba na maandishi ya mabango ya uwanjani, yakisomeka kinyume umeipata. Kama hakuna maandishi, tazama nembo: kwa kawaida hukaa kifua cha kushoto cha mchezaji. Vilevile hesabu vichwa na hesabu majina. Vichwa 16, majina 15, basi kocha au mfanyakazi wa timu hajaandikwa, na huwezi kujua majina yanaanza kupishana na nyuso wapi.

Tatu, tazama nyuma ya wachezaji. Uwanja wa Nyayo ulifunguliwa 1983, wa Kasarani 1987. Picha yenye jukwaa la Kasarani haiwezi kuwa fainali ya Kombe la Washindi ya 1979, ile ambayo Gor walifungwa na Canon Yaoundé 2-0 hapa na 6-0 kule. Nne, msitambue mtu kwa namba ya mgongoni. Zamani jezi 1 hadi 11 zilifuata nafasi ya mchezaji, na anayecheza winga leo akihamia kiungo kesho, namba inabadilika.

Mtu wa Dunga

Ongeza mabao, tafadhali. Mtu anaandika "mabao 300" bila kusema ya wapi.

Karani wa Magazeti (Kakamega)

Mabao hugawanywa safu tano: ligi, kombe la ndani, mashindano ya CECAFA (Afrika Mashariki na Kati), mashindano ya Afrika, na Harambee Stars (timu ya taifa). Za kirafiki ziwe safu ya sita, zisichanganywe. Timu isipotokea uwanjani, mpinzani hupewa ushindi wa mezani. Hayo mabao ya mezani si ya mchezaji yeyote. Na timu ikijitoa katikati ya msimu matokeo yake yanaweza kufutwa, hivyo mfungaji anaweza kuwa na bao ambalo gazeti limeliandika lakini jedwali la mwisho halilijui. Andika vyote viwili na useme kwa nini vinapishana.

Magazeti yenyewe yamo Nyaraka za Taifa, Nairobi, yamejalidiwa mwezi kwa mwezi. Mechi nyingi zilikuwa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo anza na toleo la Jumatatu, kurasa za nyuma. La Jumanne wakati mwingine huwa na masahihisho ya mfungaji. Wengi hulikosa hilo, na hapo ndipo Otieno anabaki na bao la Onyango milele. Piga picha ukurasa mzima ukiwa na tarehe juu, usikate kipande tu. Zima mwanga wa kamera ya simu, ukiipiga karatasi herufi zinapotea.

Ukimhoji mzee aliyecheza, usimwulize "ulifunga mangapi?" Atakupa namba ya kukufurahisha. Mwulize kipa wao alikuwa nani, mlishambulia goli la upande gani, nani alitolewa kipindi cha pili. Majibu hayo ndiyo utakayolinganisha na gazeti.

Kijana wa Kondele

Sawa, nimekubali kuhusu picha. Lakini ukurasa ule unasimamiwa na watu wa kujitolea, hawana nauli ya Nairobi kila wiki.

Chui wa Amalemba

Basi watoe bango moja kwa mwezi. Nani amewadai kila Alhamisi? Na chini ya kila bango waweke timu, mpinzani, uwanja, mashindano, tarehe ya gazeti. Pakikosekana kimoja, waache nafasi wazi, wadau watajaza hapa.

Halafu mnaona? Ninapoandika haya, la leo limetoka. James Siang'a, "mshambuliaji hatari wa Kombe la Afrika 1972". Siang'a alikuwa KIPA! Kipa wa Kenya kule Cameroon, tulipofungwa 2-1 na wenyeji na kutoka sare 1-1 na Mali, 1-1 na Togo. Baadaye ndiye kocha aliyeipeleka Simba ya Dar es Salaam hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2003 baada ya kuing'oa Zamalek ya Misri, na hilo hawakulitaja.

Na picha waliyoweka amevaa glavu.