Naombeni ushauri: mke wangu anataka nifute muvi zangu zote za kutisha za zamani

Mpenda Kivuli (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nina flashi ya muvi za kutisha za zamani, zile nyeusi na nyeupe, nimeanza kuzikusanya tangu niko chuo. Nosferatu ya 1922 imo, Frankenstein ya 1931 ambayo Boris Karloff ndiye lile zimwi, Cat People ya 1942, Psycho ya 1960. Sasa kijana wangu wa darasa la sita kaona kipande kwa bahati mbaya, na tangu siku hiyo halali peke yake. Mama yake kanipa mpaka Jumamosi niwe nimefuta zote. Nifute? Zimebaki siku tatu na mimi mwenyewe usingizi umeniruka.

Kiboko ya Mtaa
Muvi ya 1922 inamtisha nani mkuu? Watoto wa siku hizi wanacheza gemu za mazombi huku wanakula chipsi. Kuna kitu hujasema.

Mama Wawili
Mtoto anasali kabla ya kulala? Maana mashetani mnayaingiza ndani wenyewe kwa flashi, halafu mnakuja kutuuliza sisi. Kwangu hakuna anayepanda kitandani bila dua.

Mzee wa Magomeni
Umenikumbusha mbali kijana. Mwaka 1974 marehemu kaka yangu alinipeleka sinema pale Empress, Dar. Jina la muvi limenitoka kabisa. Nakumbuka mkono tu, unashika ukingo wa mlango polepole, mwenye mkono haonekani. Tulirudi kwa miguu, nikawa natembea katikati yake na rafiki yake ili nisiwe wa mwisho. Mpaka leo nikiingia sehemu yenye giza, mkono wangu unatangulia kupapasa swichi. Za rangi nilizoziona baadaye zimefutika zote kichwani.

Binti Chumbageni
Kaka, kipande kipi? Na bahati mbaya ya namna gani? Flashi haijichomeki yenyewe.

Mpenda Kivuli
Sawa, niseme. Tulikaa wote. Mama yake alikuwa msibani Singida, Jumamosi mbili tukazima taa. Ya kwanza ilikuwa Cat People. Mnaijua ile sehemu msichana anatembea usiku, nyuma yake kuna nyayo, mara nyayo zinakatika, kimya, halafu basi linaingia kwa mlio kama chui kaunguruma? Chui mwenyewe haonekani. Kijana akaruka, akacheka, akaomba nyingine. Ya pili ikawa Psycho. Tulipofika ile sehemu ya bafuni, mwanamke anachomwa kisu akioga, ndipo mambo yalipoharibika. Anasema akifumba macho anaiona damu nyekundu inazunguka kwenye tundu la maji.

Ila sioni kama nimekosea kiasi hicho. Muvi za leo zinamwaga utumbo mbele ya macho yako na mtoto anaangalia kama anaangalia mpira. Hizi zinakuachia giza ulijaze mwenyewe. Nilitaka mwanangu aionje hiyo hofu. Na Jumamosi hii watoto wa majirani nimeshawaalika tuangalie Night of the Living Dead, ile ya mazombi, ukutani. Haina shida ya hakimiliki, waliobadilisha jina lake walisahau kurudisha ile alama ya hakimiliki. Projekta nimeshakodi.

Fundi Picha
CHAI. Psycho ni nyeusi na nyeupe, damu nyekundu kaiona wapi? Ile ilikuwa sosi ya chokoleti. Hitchcock, mwongozaji wake, aliikwepa rangi kwa sababu ya gharama, na pia kwa kuwa damu ya rangi ingewachafua watu roho. Mleta uzi hajaiangalia hiyo muvi, anatupotezea muda.

Kiboko ya Mtaa
Nilisema mimi. Tena chai ya rangi.

Mpenda Kivuli
Chokoleti naijua. Nimemuuliza tena sasa hivi, anaapa ilikuwa nyekundu. Ndicho ninachowaeleza hapa! Kisu chenyewe ni kama hukioni kikizama mwilini. Unaona vipandevipande vya picha, na fidla za mtunzi wa muziki wake, Bernard Herrmann, zinapiga mayowe, mengine unayamalizia mwenyewe. Niiteni mwongo, ila mtoto amelala chumbani kwetu kajifunika shuka mpaka usoni.

Fundi Picha
Nimekuelewa, na naomba radhi. Basi nisikilize. Usifute, ila Jumamosi ghairi. Roger Ebert, mhakiki wa muvi wa Marekani, aliandika mwaka 1969 alivyokaa ukumbini na watoto kuangalia hiyo hiyo ya mazombi. Walianza kwa kelele za furaha, kufika katikati wamenyamaza, na msichana mmoja mdogo akawa analia. Waliozoea kuona shujaa anapona walimwona shujaa wa hii, Duane Jones, akipigwa risasi mwishoni. Watoto wa watu hao mkuu, utawarudishaje makwao usiku?

Kwa wako, nunua sosi ya chokoleti. Aimwage bafuni mwenyewe, aipige picha kwa simu, nyeusi na nyeupe.

Mama Wawili
Na dua.

Binti Chumbageni
Wifi naye anajua mlikaa wote, au na yeye umemwambia "bahati mbaya"?

Mpenda Kivuli
Hajui.

Binti Chumbageni
Ndiyo maana huna usingizi kaka. Anza na hilo, flashi baadaye.

Mpenda Kivuli (Ijumaa usiku)
Nimemwambia. Hakujibu neno, akaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa visafi. Majirani nimewaambia haipo tena. Projekta nimerudisha, nusu ya hela imekwenda.

Chokoleti tumemwaga. Kijana kacheka sana, kapiga picha kama ishirini. Halafu akaniuliza mbona kwenye simu inatisha kuliko pale sakafuni. Jana kalala kwake, taa ikiwaka. Kuoga bado anaoga mlango wazi.

Flashi mama yake kaichukua, ipo kwenye mkoba wake. Hajafuta. Sijamuuliza.