Gereji ilipaka lami juu ya kutu, kisha ikaniambia chesisi imekarabatiwa

Wakuu, nawasalimu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Gari langu ni Land Rover Series III ya inchi 109 (umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), ya mwaka 1974. Nililipeleka kwenye gereji moja hapa Tanga kwa makubaliano ya maandishi kwamba bodi itavuliwa, sehemu zote za chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, zilizoliwa na kutu zitakatwa, na mahali pake patachomelewa bamba jipya lenye unene uleule wa awali. Fedha yote nimelipa. Nilichokabidhiwa ni chesisi ileile mbovu, iliyoshindiliwa puti (ile dawa ya kujazia mashimo kabla ya kupaka rangi) na matambara, kisha ikapakwa lami nzito ili mwenye gari asione kitu.

Aliyefichua jambo hili ni kijana wa kuziba pancha, ambaye hakuwa akitafuta kosa la mtu. Aliweka jeki chini ya chesisi, karibu na pale inaposhikwa springi ya nyuma, akaanza kupampu, na badala ya gari kunyanyuka, jeki ilizama. Lami ilipasuka, yakamwagika magamba ya kutu yaliyopangana kama kurasa za kitabu kilicholowa, likafuata pande la gunia lililogandishwa kwa puti, na mwisho ukatoka mchanga mwekundu ambao ulikuwa umekaa humo miaka na miaka. Bamba lililosalia pembeni mwa tundu lilikunjika kwa kusukumwa na bisibisi tu. Hapo ndipo paliponing'inizwa springi inayobeba uzito wa nyuma wote, pamoja na abiria.

Ipo kauli inayorudiwa sana kwamba Land Rover haishiki kutu, na nadhani mafundi wa aina hii wanaishi kwa kauli hiyo. Ukweli ni kwamba isiyoshika kutu ni sehemu kubwa ya bodi, kwa kuwa gari hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndipo wakatumia aloi ya alumini. Chesisi ni chuma tupu tangu siku ya kwanza. Ni mabamba yaliyochomelewa pamoja yakawa kama bomba la pembe nne, yenye unene wa takribani milimita 2, na ndani yake ni wazi. Maji na matope huingia humo, yakiziba matundu madogo ya chini yaliyowekwa kwa ajili ya kutolea maji, na kwetu sisi wa pwani huingia pamoja na chumvi, ambayo huharakisha kutu kuliko maji matupu. Kwa hiyo chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Kutu inapoonekana kwa nje, upande wa ndani umekwisha zamani, na hakuna rangi, lami wala dawa ya kubadilisha kutu itakayorudisha chuma ambacho hakipo. Fundi yeyote aliyewahi kugonga chesisi kwa nyundo anajua hili, maana chuma kizima hulia na kilichooza hutoa sauti ya kufa.

Hata pale walipojitia kuchomelea, nimekuta bati jembamba limebandikwa juu ya kutu bila kutu hiyo kukatwa, na kingo zake zimeshikwa nuktanukta. Kuchomelea juu ya kutu hakushiki, kwa sababu chuma kinachoyeyuka huchanganyika na uchafu, kikatoka na matundu na nyufa, na nguvu yote ya kiraka ikabaki kwenye kitu kilichokwisha oza. Kazi ya kweli inajulikana: chesisi hukatwa hadi kufikia chuma safi kinachong'aa, lakini kabla ya kukata huegemezwa na kufungwa mabano ili isijipinde, na vipimo vya mshazari kutoka kona hadi kona huchukuliwa kabla na baada. Tangi la mafuta lililo chini ya kiti hushushwa, betri na altaneta inayoichaji hutenganishwa. Kazi ikiisha, nje hupakwa rangi yenye zinki na ndani hupulizwa nta. Kuna wanaoagiza kutoka Uingereza chesisi mpya iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa nyuzi za Selsiasi 450 hivi, ila usafiri wake na ushuru si wa kila mtu, na ndiyo maana wengi wetu tunategemea uaminifu wa fundi wa hapa.

Kilichoniumiza kuliko yote ni namba ya chesisi. Kwenye Series III namba hiyo imegongwa kwenye pembe ya mbele upande wa kulia, pale springi inapofungwa. Hawa mabwana wamepitisha grenda hapo ili wabandike kiraka chao, na namba imefutika. Kadi ya gari inasema namba fulani, chuma hakisemi kitu. Siku askari wa usalama barabarani au mkaguzi akitaka kulinganisha, mimi ndiye nitakayeonekana nimeiba gari ambalo nyaraka zake zote ninazo.

Niliporudi kulalamika, mwenye gereji alinijibu kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo, na akaniuliza mbona linatembea. Naomba nimjibu hapa mbele ya watu. Mabomba ya breki ya gari hili yamepita ubavuni mwa chesisi, na kiungo cha usukani kinakaa ndani ya bimu ya mbele ya chesisi hiyohiyo. Chesisi ikikatika barabarani kwenye mteremko, hakuna tena gari, na waliomo ndani, pamoja na mpita njia asiyejua lolote kuhusu Land Rover, watakuwa wamelipa kwa ajili ya puti yako. Kutembea si ushahidi wa uzima.

Sisemi mafundi wote ni hivyo. Tanga wapo wachomeleaji wanaounda bodi za malori ambao mshono wao mtu anaweza kuutazama kwa raha, na heshima yao inachafuliwa na watu hawa. Tulivyo na mapenzi na magari haya ni jambo linalojulikana. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha hilo wazi. Lakini tunapiga picha bodi na rangi, na huko chini ndiko tunakotapeliwa.

Nimekwisha wasilisha barua ya kudai fedha yangu yote pamoja na gharama ya kukata upya, na nimeambatanisha picha za lile gunia. Kwa yeyote mwenye gari gerejini sasa hivi, usikubali tone la rangi lipakwe kabla hujaona chuma kitupu kwa macho yako mwenyewe. Na kwa mdau aliyewahi kugongewa upya namba ya chesisi kwa njia halali, naomba anieleze alianzia ofisi gani na aliombwa nyaraka zipi, kwa sababu hilo ndilo ninalotaka kulishughulikia wiki hii.