Mjadala: Kidato cha sita wasomeshwe Nozick, au tuwaepushe?

Chumbageni: Wadau wa Tanga, falsafa ya uhuru wa mtu binafsi tunaitaja ili tuisute tu. Mwalimu anasema "ubepari", darasa linaguna, kengele inalia. Hoja ya 1974 ya Robert Nozick, mwanafalsafa Mmarekani aliyeutetea uhuru huo, inatosha kipindi kimoja. Mpe kila mwanafunzi maharage 20, sawa kwa sawa. Mmoja achore katuni, anayetaka kuiona alipe punje moja kwa hiari. Mwishowe mchoraji ana lundo. Uliza: dhuluma imeingia wapi? Zoezi huharibika wakipiga kura kabla ya kuandika. Waandike kwanza hoja yake kwa sentensi tatu ambazo Nozick mwenyewe asingezikana, kisha waonyeshe ipi inavuja.

Bint Pangani: Maharage! Walimu wenyewe wamemaliza chuo kwa desa, watajua inavuja wapi?

Mwalimu Duga: Desa? Dada, chunga ulimi. Wewe umewahi kugawa maharage kwa watoto 70? Kuhesabu tu kunakula nusu ya kipindi. Weka kumi mbele, waliobaki waandike. Halafu huyo Locke mnayemtukuza, mwanafalsafa Mwingereza ambaye Nozick anaegemea hoja zake, alikuwa na hisa kwenye kampuni ya watumwa.

Bint Pangani: Nani kamtaja Locke?

Mkongeni: Hisa zinamchafua mtu, hoja bado iko pale pale. Locke anasema ardhi ni yako ukiitia jasho, mradi uwabakizie wenzio ya kutosha na nzuri vilevile. Ipimeni hapa. Mjerumani Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alileta miche 1000 ya mkonge 1893, ikapona 62. Amri ya Wajerumani ya 1895 ikaifanya ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa ya dola. Jasho likatoka kwa manamba, vibarua wa mashambani. Shamba la nani?

Chumbageni: La bwana shamba! Locke kaandika waziwazi kwamba majani aliyokata mtumishi wake ni yake yeye. Hapo ndipo pa kumbana mwanafunzi.

Raskazone: Mashamba yote yalitaifishwa 1967. Kesi imekwisha.

Mwalimu Duga: Si yote, bwana. Na Nozick ana kanuni ya kurekebisha dhuluma iliyopita: kilichopatikana kwa kunyang'anya hakihalalishwi na mauzo yaliyofuata. Wasomaji wa nusu ukurasa huiruka hiyo.

Raskazone: Kumbe Nozick mjamaa! Makubwa.

Mwalimu Duga: Mjamaa wapi? Kodi ya mshahara aliiweka kundi moja na kazi ya shuruti. Soma, ndugu yangu.

Bint Pangani: Anzeni na Sheria ya Ardhi ya 1999. Ardhi yote ni ya umma, Rais mdhamini. Mtoto wa Muheza anayeambiwa "mali ni yako kabisa" akaulize nyumbani wanamiliki nini hasa. Miaka 99 tu, basi.

Mkongeni: Hiyo 99 ndiyo kikomo cha hati zinazotolewa na serikali, dada. Haki ya kimila kijijini inaweza kutolewa bila ukomo wa muda.

Raskazone: Bila ukomo, halafu benki wanaikataa kama dhamana. Haki gani hiyo?

Mkongeni: Kisheria inawekwa rehani. Benki kukataa ni jambo lingine.