Naomba ushauri: ni biashara za aina gani hasa zinazotumia programu za kuhudumia kompyuta kutoka mbali?

Fundi wa Luthuli aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kibanda changu kiko Luthuli, hapa Nairobi. Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa kupokea mashine zinazoletwa, au kufunga mkoba na kumfuata mteja aliko. Mwezi uliopita niliitwa Kitengela kwa sababu printa ya mteja ilikuwa imegoma. Nilitoka mjini saa nane mchana, nikakwama Barabara ya Mombasa, nikafika karibu saa kumi na moja, na kumbe hitilafu yenyewe ilikuwa mpangilio mmoja uliobadilishwa kwa bahati mbaya. Niliurekebisha kwa dakika nne. Mteja alinilipa, lakini siku yangu ilikuwa imekwisha, naye alikuwa ameshindwa kuwapa wanunuzi wake risiti tangu asubuhi.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza kuanza kuhudumia kompyuta kutoka mbali: mteja ananiruhusu, naiona skrini yake kupitia intaneti, naendesha kipanya chake nikiwa mezani kwangu. Nimewahi kuwasaidia ndugu zangu kwa programu za AnyDesk na TeamViewer bila malipo, ila natambua kwamba matumizi hayo ya bure ni ya mambo ya binafsi, na anayetoza fedha hutakiwa kuwa na leseni. Leseni ni gharama inayojirudia, nami sina fedha za kubahatisha. Kampuni kubwa za Upper Hill na Westlands zina idara zao za kompyuta na hazinihitaji. Je, nje ya hizo, ni nani anayetumia huduma hii kwa kweli, na nianze kubisha mlango upi?

Mtunza Matawi alijibu:

Ndugu Fundi, ukipima kwa ukubwa wa kampuni utapotea njia. Nilifanya kazi miaka tisa katika idara ya kompyuta ya supamaketi zenye matawi, na nilichojifunza ni kwamba hitaji la huduma hii huzaliwa pale mambo mawili yanapokutana: kompyuta iko mbali na mtu anayeielewa, na kila saa inayopita bila kufanya kazi inakula fedha za mwenyewe. Kampuni yenye kompyuta mia moja katika ghorofa moja, na fundi wake ameketi papo hapo, inaweza kuishi bila programu hizi. Duka la dawa lenye matawi Githurai, Ruaka na Rongai, kila tawi likiwa na kompyuta moja, haliwezi.

Kwa hiyo anza na wauzaji wa rejareja wenye matawi. Kompyuta ya kaunta ndiyo inayobeba bei, hesabu ya bidhaa zilizobaki na ankara za eTIMS, yaani zile za kielektroniki za mamlaka ya kodi, KRA. Ikilala, foleni inasimama. Tena tangu Januari 2024, mfanyabiashara anayenunua kwako hawezi, kwa sehemu kubwa ya manunuzi yake, kuyahesabu kuwa matumizi katika kodi ya mapato ikiwa hana ankara ya eTIMS, kwa hiyo mnunuzi wa jumla hatakungoja hadi jioni. Atavuka barabara aende kwa jirani yako. Vituo vya mafuta, maduka ya vifaa vya ujenzi, na wauzaji wa vipuri wa Kirinyaga Road wenye ghala Industrial Area, wote wamo katika kundi hili.

Sisi tuliingia katika kompyuta za matawi kwa njia mbili, na ni vyema uzitofautishe kabla ya kulipia chochote. Mchana keshia alitupigia simu, akatusomea namba iliyoonekana kwenye skrini, akabonyeza kukubali, nasi tukafanya kazi akitazama. Usiku, duka likiwa limefungwa, tuliingia bila mtu kuwepo, kwa ruhusa iliyowekwa mapema, ili kusasisha programu na kuhakikisha kwamba nakala ya akiba ya data imehifadhiwa. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyotuokolea muda mwingi zaidi, na baadhi ya leseni huitoza kivyake kulingana na idadi ya kompyuta unazozisimamia. Soma masharti hayo kwa utulivu.

Mama Hesabu alijibu:

Naomba niongeze yale ambayo Mtunza Matawi hakuyagusa. Mimi ni mhasibu wa zahanati ya binafsi yenye vituo vitatu, na katika mazoea yangu watumiaji wakubwa kabisa wa programu hizi ni wale wanaouza programu nyingine. Kampuni iliyotuuzia mfumo wa kusajili wagonjwa haijakanyaga kituo chetu cha Ruiru tangu siku ya kuuweka; kila tatizo hutatuliwa kwa kuingia kutoka ofisini kwao. Wauzaji wa mifumo ya hesabu na ya karo za shule hufanya vivyo hivyo. Hata wahasibu wa kujitegemea, ambao hawajioni kuwa watu wa kompyuta, huingia katika mashine ya mteja mwisho wa mwezi ili kufunga vitabu. Huenda ukapata kazi kwa kuwa mkono wa muuzaji wa mfumo ambaye hana mafundi wa kutosha, badala ya kumtafuta kila mwenye duka peke yako.

Lakini sikiliza jambo hili, maana linaniuma hadi leo. Tuliwahi kuwa na fundi wa nje aliyetuhudumia kwa uaminifu mwaka mzima, tukaachana naye kwa amani. Miezi mitatu baadaye niligundua kwamba programu yake bado ilikuwa katika kompyuta ya mapokezi, ikiwa na nenosiri lake la kuingia wakati wowote. Siamini kwamba alikuwa na nia mbaya, alisahau tu. Hata hivyo, katika kompyuta hiyo kulikuwa na majina ya wagonjwa, vipimo vyao na maradhi yao, na kwa miezi mitatu mtu asiye na kazi nasi alikuwa na ufunguo wa mlango.

Fundi wa Luthuli aliandika:

Nashukuru sana, kaka Mtunza, nawe Mama Hesabu. Sikuwa nimefikiria hata kidogo habari ya wauzaji wa mifumo. Vipi kuhusu shule, Sacco na saiba, yaani vibanda vya intaneti? Hizo ndizo nilizokuwa nimeziandika kwenye daftari langu.

Mtunza Matawi alijibu:

Saiba ziache, kwa sababu aghalabu mwenye saiba au kijana wake ni fundi kama wewe. Shule zinahitaji msaada mwanzoni mwa muhula, lakini malipo huchelewa, na maabara yenye kompyuta 30 za wanafunzi ina kazi nyingi za mikono ambazo huwezi kuzifanya kutoka mbali. Labda ofisi ya bursa, mtunza fedha wa shule, peke yake. Sacco ndogo inaweza kukuhitaji. Ile inayopokea amana na kusimamiwa na SASRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia Sacco, ina hesabu za wanachama za kulinda, na sitarajii kwamba itamfungulia mlango fundi asiye na mkataba wala utaratibu ulioandikwa.

Mlinzi wa Milango alijibu:

Nimesoma uzi huu tangu juu, na nasihi kwamba alilolisema Mama Hesabu lisichukuliwe kama kisa cha pembeni. Programu inayokupa uwezo wa kuingia katika kompyuta za wateja ishirini humpa uwezo huohuo yeyote atakayeiba nenosiri lako. Mnamo tarehe 2 Julai 2021 wahalifu waliotumia kirusi cha REvil, kinachofunga data ya kompyuta hadi fidia ilipwe, walipenya kupitia programu ya Kaseya VSA, ambayo kampuni za huduma za kompyuta huitumia kusimamia mashine za wateja wao. Huko Uswidi, supamaketi za Coop zilifunga takriban maduka 800 kwa sababu mashine za kulipia zilikataa kufanya kazi. Zingatieni kwamba Coop haikuwa mteja wa Kaseya. Aliyeitumia programu hiyo ni msimamizi wa mashine zake za kulipia. Ndugu Fundi, wewe unataka kusimama mahali pale pale aliposimama msimamizi huyo. Tena mnamo Februari 2024 AnyDesk yenyewe ilitangaza kwamba mifumo yake ilikuwa imeingiliwa, ikafuta manenosiri yote ya tovuti yake ya wateja.

Sikuambii haya ili uache. Nakuambia ili uweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yako kabla ya kumsajili mteja wa kwanza, usirudie nenosiri moja kwa wateja wawili, na usikubali kamwe kumfungulia mteja mlango namba 3389 wa Windows, ule unaopokea maombi ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, uelekee moja kwa moja kwenye intaneti, hata kama ni njia isiyo na gharama. Wafundishe pia makeshia kwamba huduma huanza na wao kukupigia wewe kwa namba wanayoijua. Wako matapeli wanaopiga simu wakijifanya mafundi na kumwomba mtu apakue programu hizi hizi, na keshia aliyezoea kusoma namba ya skrini kwa sauti yoyote atamsomea tapeli vilevile.

Halafu kuna sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mwenye data akimpa mtu wa nje kazi ya kuishughulikia kwa niaba yake, lazima wawe na mkataba wa maandishi. Na data ikivuja, mtu huyo anapaswa kumjulisha mwenye data bila kuchelewa, ikiwezekana ndani ya saa 48, ili naye aweze kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Biashara ndogo kwa kawaida husamehewa usajili kwa Kamishna, ila zile za afya, elimu na huduma za fedha hazisamehewi hata zikiwa ndogo. Hao ndio wateja mnaowataja hapa, kwa hiyo andika mkataba, hata wa kurasa mbili.

Mama Hesabu alijibu:

Ndani ya mkataba huo, weka kifungu kinachosema kwamba siku ya mwisho ya huduma utaiondoa programu mbele ya mwenye biashara, na nyote wawili mtatia sahihi.

Fundi wa Luthuli aliandika:

Nimeyasoma yote mara mbili, na kifungu cha Mama Hesabu nimekwisha kukiandika. Nilipokuwa nikisoma maelezo ya Mtunza Matawi kuhusu umbali na hasara ya kila saa, nilimkumbuka yule yule mteja wangu wa Kitengela. Anauza vitabu na vifaa vya ofisi, ana duka la pili Athi River, na hakuna hata mmoja wa wafanyakazi wake anayejua kompyuta zaidi ya kuuza. Nilikuwa nikimhesabu kuwa mteja mdogo mno.

Nimempigia simu leo mchana. Amekubali nimhudumie kwa malipo ya kila mwezi, kwa masharti mawili: kwanza nifike mwenyewe kuiweka programu na kumwonyesha keshia wake namna ya kukubali na namna ya kukata, na pili nimwachie modemu ya akiba, kwa sababu intaneti ya dukani hukatika, na ikikatika sitaweza kuingia. Jambo la stima tumekubaliana kwamba atanunua UPS, betri ya akiba, ya kompyuta ya kaunta. Jumatatu nitapanda gari la alfajiri kwenda Kitengela, kabla msongamano haujaanza.