Madalali wa Dar, zamani mlikuwa na mitaa yenu. Sasa mnatuchuna kwa foleni!

Wakuu, nimetoka kutafuta nyumba Sinza jioni hii na nina hasira, mnivumilie.

Nilipoanza kupanga hapa mjini mwaka 2009, dalali alikuwa mtu wa mtaa. Ukitaka chumba Sinza Makaburini unaenda kijiweni kwao, kipande cha boksi kimeandikwa kwa chaki "DALALI VYUMBA VIWANJA". Ukimwambia unataka Mori, anakusindikiza hadi kwa mwenzake wa Mori, anakukabidhi, anarudi zake. Hagusi mtaa wa mtu. Anajua mama mwenye nyumba yupi hataki watoto, maji yanatoka siku gani, mpangaji aliyepita kahama kwa nini. Akikuingiza mjini, kesho yake unamkuta palepale anacheza drafti, mnamalizana.

Sasa hivi kila mwenye simu na bando ni dalali wa Dar nzima. Mtu yuko Mbagala anatangaza nyumba ya Goba kwa picha aliyoitoa kwenye stetasi ya mtu, naye kaitoa kwenye grupu.

Ya leo ni hii. Tangazo Instagram: chumba, sebule, jiko, luku yako, 300,000 kwa mwezi, kodi miezi sita. Napiga, naambiwa nitume 20,000 ya kuonyeshwa kwanza. Nikatuma. Nafika kituoni, anakuja kijana mwingine kabisa kwa boda, "bosi kanituma". Tunazunguka vichochoro, anapiga simu kila kona kuulizia geti lina rangi gani. Geti! Dalali anaulizia geti!

Tukalipata. Mlangoni kakaa mzee na funguo mkononi, dalali wa mtaa huo wa siku nyingi. Hakunisalimia. Alichouliza ni, "Wewe umeletwa na nani?" Kumbe mipaka haijafa, imegeuka ushuru. Mzee anataka 10,000 yake ndipo afungue, kijana anataka nauli, na nikiichukua nyumba ile kodi ya mwezi mmoja anayolipwa dalali haitoshi kugawana watu watatu, kwa hiyo "ongeza kidogo bro". Niongeze kwa kazi gani?

Jiko lenyewe lile la kwenye picha, marumaru nyeupe, halipo. Kuna sinki lisilo na bomba na ndoo chini yake. Mzee akasema picha ile ni ya nyumba nyingine, ilishachukuliwa zamani.

Mwaka 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya udalali wa nyumba. Sawa, wageni wametolewa. Hawa walionizungusha leo ni wenyeji watupu, nawashtaki wapi? Yule wa kwanza hata sura yake siijui, na simu yangu hapokei tena.

Mwenye chumba na sebule Sinza au Kijitonyama anitumie ujumbe. Nasema mwenye nyumba, siyo "kuna mtu wangu ana nyumba".