Naombeni ushauri: sanduku la mjomba la panki ya Washington, tuuze au tukabidhi maktaba?

Binti Makame:
Wanajamvi, salaam. Mjomba wangu amefariki hapa Maryland na familia imeniachia mimi vitu vyake. Alikuja Washington kusoma, akanaswa na panki ya hadikoo ya mji ule, yaani roki kali ya kasi, hasa baada ya kuwaona Bad Brains, bendi ya vijana weusi wa huku huku waliopiga kwa kasi ya ajabu. Sandukuni mna vipeperushi vya fotokopi, vijarida vilivyobanwa kwa pini za stepla, kaseti alizorekodi mwenyewe ukumbini, na santuri ndogo ya bendi ya Teen Idles, ile ya kwanza kabisa ya Dischord, kampuni ya santuri ya huko huko. Jalada lake limekatwa kwa mkono, ukingo mmoja umekwenda upande na gundi imeacha doa la njano. Binamu zangu wanataka tuuze mtandaoni kimoja kimoja. Roho yangu inakataa. Halafu vipeperushi vingi havina mwaka. Nifanyeje?

Mzee wa Santuri:
Pole kwa msiba, mwanangu. Jalada hilo usilinyooshe wala kulifuta. Dischord ilianzishwa 1980 kwa ajili ya santuri hiyo. Bendi ilikuwa imeshavunjika, na akiba ya maonyesho yao ndiyo iliyolipia nakala 1,000 za mwanzo. Majalada waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha wenyewe, kwa hiyo ukingo uliopinda si kasoro. Kama kuna gharama za msiba zinawabana, uzeni santuri, maana nakala nyingine zipo duniani. Kaseti za ukumbini msiziuze. Hizo hakuna mwingine anazo.

Karani wa Nyaraka:
Namuunga mkono mzee. Thamani ya mkusanyo huu ni kukaa pamoja: kipeperushi, kaseti ya usiku ule ule na maandishi ya mtu aliyekuwepo. Maktaba ya umma ya Washington ina hifadhi maalumu ya panki, DC Punk Archive, tangu 2014. Chuo Kikuu cha Maryland nacho kimekusanya vijarida vya panki ya huko. Andaa orodha, waandikie kwanza, usiwapelekee mzigo bila taarifa. Kabla ya kutia saini hati ya makabidhiano, uliza watafanya nini na vitu ambavyo tayari wanavyo.

Kuhusu mwaka, tazama siku na tarehe kwa pamoja. Ijumaa ya tarehe 3 Julai, kwa miaka ya themanini, ni 1981 au 1987 tu. Na kipeperushi cha ukumbi wa muziki wa 9:30 Club chenye anwani ya F Street ni cha kabla ya 1996, walipohamia V Street. Makisio yako yaandike kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya kipeperushi.

Fundi Kaseti:
Vunja vile vidude viwili vya plastiki juu ya kaseti ili asije mtu akarekodi juu yake. Usizijaribu kwenye redio kuukuu, itakula utepe. Mpe fundi azihamishe kwenye kompyuta, halafu kaseti zenyewe bado uzitunze. Vipeperushi usivitie laminesheni, usivibandike selotepu, na sanduku lisikae darini wala chini ya nyumba penye unyevu.

Shangazi Tatu:
Mimi naona vitu vya marehemu vibaki nyumbani. Maktaba vitafungiwa kabatini, nani atavigusa?

Karani wa Nyaraka:
Shangazi, kwa heshima, yeyote anaweza kuomba avione. Nyumbani vitaonwa na sisi wachache, mpaka siku bomba litakapopasuka.

Binti Makame:
Asanteni sana. Nimeongea na binamu: santuri tutauza, vingine vyote tunakabidhi, na nakala za kaseti zibaki kwetu. Swali moja: nyuma ya vipeperushi kuna majina na namba za simu za rafiki zake. Nizifute?

Karani wa Nyaraka:
Usifute kitu, dada. Waambie maktaba tangu mwanzo, na muandike kwenye hati kwamba kurasa za nyuma zisiwekwe mtandaoni.